Othello ipi uitazame? Mkague Iago kwanza

Mtu akitaka kutazama Othello, swali lake la kwanza huwa ni nani kaigiza Othello. Ningeomba swali hilo lisubiri kidogo, tuanze na Iago. Tamthilia hii ya Shakespeare, iliyochezwa katika ikulu ya Whitehall mjini London tarehe 1 Novemba 1604, inahusu Othello, jemadari mweusi hodari wa jeshi la Venisi, anayemwamini mtu wa hovyo, Iago, na kumshuku mke asiye na doa, Desdemona. Ikiwa Iago wa toleo ulilochagua ana sura ya mwizi tangu anapoingia, utakaa mpaka mwisho ukimwona Othello bwege. Na Othello akishakuwa bwege hakuna msiba tena, umebaki na mauaji tu.

Kipimo changu basi ni hiki: ukisafiri, ungemwachia huyu Iago funguo za nyumba? Ndani ya mchezo wote wangemwachia. Othello anamwita mwaminifu kila mara. Cassio, luteni wa Othello aliyefukuzwa cheo kwa hila za huyo huyo Iago, anakwenda kwake kuomba ushauri. Roderigo, bwana anayemtamani Desdemona, anamkabidhi fedha na vito. Desdemona, saa chache kabla ya kuuawa, anapiga magoti mbele yake amsaidie kumrudisha mumewe. Hata Emilia, mke anayelala naye kitanda kimoja, anaokota leso ya Desdemona, zawadi ya Othello, na kumpa asijue inapelekwa kwa Cassio iwe ushahidi wa uongo. Iago asiyeaminika anawageuza wote hawa kuwa wajinga, na Shakespeare hakuandika kijiji cha wajinga.

Yaliyorekodiwa ni mengi. Nitakayolinganisha hapa ni filamu ya Orson Welles (1952), ya Trevor Nunn (1990), ya Oliver Parker (1995), Omkara ya Vishal Bhardwaj (2006), na maonyesho mawili ya jukwaani ya Uingereza yaliyopigwa picha: la National Theatre (2013) na la Royal Shakespeare Company (2015).

Onyesho la kupimia

Usihangaike kutazama yote mwanzo mwisho ili uchague. Katika kila moja nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Linaanza Othello akiwa mume mwenye raha zake, linaisha amepiga magoti akiapa kisasi, Iago naye kapiga magoti kando yake. Katikati hapo hapajaletwa ushahidi wa maana hata mmoja.

Angalia linavyoanza. Cassio anaondoka alipokuwa na Desdemona, na Iago anaguna kama mtu anayesema peke yake: hili silipendi. Othello anauliza, umesemaje? Si kitu, bwana wangu. Kuanzia hapo anayechimba ni Othello. Akiuliza kama Cassio ni mwaminifu, Iago anamrudishia neno lile lile: mwaminifu, bwana wangu? Akiuliza unafikiri nini, anajibiwa: nifikiri, bwana wangu? Mpaka Othello anakasirika kwamba huyu mtu anamwigiza kama mwangwi, bila shaka anaficha kitu kizito. Wapika majungu wa kila mtaa wanaijua kazi hii. Habari unayoletewa mlangoni unaitilia shaka, ila ile uliyomkaba mtu mpaka akaitoa unaishika kama mali yako.

Kisha Iago anamwonya Othello ajihadhari na wivu. Ndiyo, yeye ndiye anayeonya. Baada ya hapo anapiga mahali pawili. Mahali pamoja ni kumkumbusha kwamba Desdemona alimdanganya baba yake alipoolewa, maneno ambayo baba mtu mwenyewe, Brabantio, alimwachia Othello mbele ya baraza la Venisi. Mahali pa pili ni kumwambia kuwa yeye Iago anawajua wanawake wa kwao, wanavyowaficha waume zao mambo. Hili la pili ndilo linalomvunja. Othello yuko jeshini tangu ana miaka saba. Anajua ngome, meli na mizinga, ila jinsi nyumba za Venisi zinavyoendeshwa hajui, na hana ndugu hata mmoja mjini wa kumvuta pembeni akamuuliza. Mgeni kwenye mji anaoulinda yeye mwenyewe, anamwamini mwenyeji aliye karibu.

Mwigizaji wa Iago akilifanya onyesho hili huku akitabasamu kwa kamera kila baada ya sentensi, amelipoteza. Akilifanya kama mtu anayeumia kusema, ameshinda, na wewe utajikuta unataka kusikia zaidi.

Kwa mwenye jioni moja

Watu wengi wanaanzia filamu ya Parker ya 1995, na sababu zao zinaeleweka. Ina saa mbili na dakika chache, picha zake nzuri, na Laurence Fishburne ni Othello mwenye mwili na macho ya mtu aliyezoea kutiiwa. Ilikuwa pia hatua kubwa kwa kampuni kubwa ya filamu kumpa mwigizaji mweusi nafasi hiyo. Kabla yake Laurence Olivier (1965) na Anthony Hopkins kwenye televisheni ya BBC (1981) walijipaka rangi. Ya Olivier nairuka. Maggie Smith na Frank Finlay wamefanya kazi ya kutukuka humo, ila masizi yale usoni mwa Olivier leo hayatazamiki, na Othello wake anakusukuma nje ya hadithi kabla Iago hajafungua mdomo.

Kenneth Branagh ndiye Iago wa Parker. Anazungumza nasi moja kwa moja, anachezea vipande vya sataranji akivipa majina ya watu anaowapanga kuwaangamiza, na mahali pamoja anaufunika uso wa kamera kwa kiganja chenye masizi. Ni fundi, na ni raha kumwangalia. Funguo za nyumba ningemwachia? Pengine, maana akiwa na Othello anajua kulia. Tatizo langu liko kwa mwongozaji. Othello akianza kuwaza, tunaonyeshwa Desdemona na Cassio kitandani. Shakespeare hakutupa picha hiyo. Alitupa maneno ya Iago tu, tumwone mtu mzima akiijenga picha kichwani mwake kwa matofali aliyoletewa. Ukimwonyesha mtazamaji kitanda, umemfanyia Iago nusu ya kazi yake. Isitoshe, maneno mengi mno yamekatwa, na aliyeumia zaidi na mkasi ni Desdemona, aliyeigizwa na Irène Jacob.

Welles ni habari nyingine kabisa. Alianza kupiga picha mwaka 1949, sehemu kubwa huko Moroko kwenye ngome ya Mogador, mji unaoitwa leo Essaouira, fedha zikimwishia kila mara akasimamisha kazi na kwenda kuigiza filamu za watu apate za kuendelea. Nguo za waigizaji zilipochelewa, mauaji ya Roderigo akayapiga kwenye hamamu, watu wamejifunga mataulo, na likawa onyesho linalokumbukwa kuliko mengi ya filamu hiyo. Mwaka 1952 ilitwaa kwa pamoja na nyingine tuzo kuu ya tamasha la filamu la Cannes, ikishindana kwa bendera ya Moroko. Ni nyeusi na nyeupe, ina kama saa moja na nusu, na inaanza na mazishi: maiti mbili zinabebwa juu ya ukuta wa ngome, Iago anapandishwa juu ndani ya tundu la chuma. Kwa macho, hakuna inayoifikia. Kwa kuelewa fitina inavyoingia sikioni, siipendekezi iwe ya kwanza: sauti zimebandikwa baadaye, mistari imepasuliwa vipande, na Iago wa Micheál Mac Liammóir ni kivuli baridi ambacho hata paka hangekiachia samaki. Welles naye kajipaka rangi, ingawa si kwa fujo kama Olivier.

Ile ninayoirudia

Nikiulizwa moja tu, nasema ya Trevor Nunn. Ilianza mwaka 1989 kwenye ukumbi mdogo wa The Other Place huko Stratford, kisha ikarekodiwa studio kwa televisheni. Usitegemee bahari wala farasi. Kuna meza, viti, vitanda vya kambi, sare za kijeshi za karne ya 19, na kamera iliyokaa karibu na nyuso. Ina zaidi ya saa tatu. Najua, saa tatu ni nyingi. Igawe usiku mbili.

Iago wake ni Ian McKellen. Ni askari wa zamani wa cheo cha chini, mgongo umenyooka, masharubu yamechongwa, mtu wa kukunja blanketi na kuweka vitu mahali pake. Hawezi kuona kitu kimekaa upande bila kukinyoosha. Ni yule mtu wa kila ofisi anayejua stoo iko wapi, nani anaumwa, chai imeisha lini, na bosi hawezi kufanya kazi bila yeye. Huyu ningempa funguo, na namba ya siri ya benki juu yake. Hapo ndipo hasira yake inaeleweka: miaka yote hiyo ya kuwa mtu wa kutegemewa, na cheo cha luteni kinapewa Cassio, kijana wa Firenze aliyesomea vita vitabuni. Baadaye Iago anasema pia kwamba amesikia Othello amelala na Emilia. Hana hakika, lakini ataichukulia kama kweli. Mtu anayewasha wivu wa mwenzake kwa tetesi anaungua yeye mwenyewe kwa tetesi. Waigizaji wengi huipita sentensi hiyo mbio. McKellen anaisema kama mtu mwenye kidonda.

Othello wa Nunn ni Willard White, Mjamaika, mwimbaji wa opera mwenye sauti nzito ya besi, na sauti hiyo ikianza kuvunjika unasikia kitu kikubwa kikianguka. Desdemona wa Imogen Stubbs ni kijana mchangamfu anayemng'ang'ania mumewe amsamehe Cassio, anarudia, anarudia tena, hajui kila akilitaja jina hilo anakaza kamba shingoni mwake. Naye Emilia wa Zoë Wanamaker ni mke mwenye njaa ya kupendwa. Leso anaitoa kama mtu anayenunua tabasamu moja la mumewe. Kwingine kote utajiuliza Emilia alinyamaza vipi alipomwona Desdemona akiitafuta leso ile. Hapa hujiulizi.

Majukwaa mawili ya London na Stratford

Onyesho la National Theatre la 2013, lililoongozwa na Nicholas Hytner, limehamishia mambo kwenye kambi ya jeshi ya siku hizi: kombati, vyumba vya mabati, taa za umeme mweupe. Mshauri wao alikuwa Jonathan Shaw, meja jenerali mstaafu wa jeshi la Uingereza, na inaonekana. Vitani unamwamini aliye ubavuni mwako au unakufa, kwa hiyo Othello wa Adrian Lester kumwamini Iago kuliko mke waliyefunga ndoa juzi kunakuwa jambo la kawaida la kazi yake. Rory Kinnear anamfanya Iago kuwa askari mtani, mkali wa maneno, mwenye kisirani cha aliyepitwa. Wawili hao waligawana tuzo ya mwigizaji bora ya Evening Standard mwaka huo. Kwa anayesoma mchezo kwa mara ya kwanza hili ndilo linaloeleweka haraka zaidi, kwa sababu sare zinakuonyesha nani yuko juu ya nani, jambo ambalo kwenye nguo za karne ya 16 halionekani.

La Royal Shakespeare Company huko Stratford la 2015, mwongozaji Iqbal Khan, lina kitu ambacho mengine yote hayana: Iago mweusi. Ni Lucian Msamati, aliyezaliwa Uingereza na wazazi Watanzania akakulia Zimbabwe, na ndiye mweusi wa kwanza kuigiza Iago katika kampuni hiyo. Othello ni Hugh Quarshie, mzaliwa wa Ghana, ambaye miaka ya 1990 mwishoni alisema hadharani kwamba huenda nafasi ya Othello ndiyo ambayo mwigizaji mweusi hapaswi kabisa kuikubali, maana mchezo unaweza kuwathibitishia watu kuwa mtu mweusi ni wa kupandwa na jazba upesi. Alipoikubali hatimaye, ilikuwa kwa kumweka Iago wa namna hii mbele yake.

Na hesabu zote zinabadilika. Ubaguzi haupotei, ila sumu ya Iago haiwezi tena kuelezwa kwa rangi peke yake. Unawaona watu wawili weusi ndani ya jeshi moja: mmoja kapanda hadi juu, mwingine kabaki pale pale, na nafasi iliyokuwa ya haki yake imekwenda kwa kijana mzungu. Wivu unakuwa wa nyumbani. Na imani ya Othello kwa Iago inapata sababu ambayo haihitaji kutamkwa: huyu ni mwenzangu, anajua nilikopita. Kikulacho ki nguoni mwako, na hapa nguo yenyewe inaonekana. Msamati hana haraka, anacheka kwa koo, halafu uso unakufa ghafla anapobaki peke yake. Kasoro ni kwamba Othello huyu ni kamanda anayeruhusu mateso kwa wafungwa, kwa hiyo anapoanguka hajaanguka kutoka mbali. Wengine wanalipenda hilo. Mimi nilitaka kimo zaidi.

Leso, au mkanda

Omkara haina mstari hata mmoja wa Kiingereza cha Shakespeare, na kwa mtazamaji wa pwani aliyekulia filamu za Kihindi huenda ndiyo yenye mlango mpana kuliko zote. Mambo yako Uttar Pradesh, kaskazini mwa India, kwenye magenge yanayotumikia wanasiasa. Omkara (Ajay Devgn) ni nusu Brahmini, yaani wa tabaka la juu, mama yake wa tabaka la chini, na rangi ya Othello imegeuzwa kuwa suala hilo la damu. Iago ni Langda Tyagi, mchechemeaji, na Saif Ali Khan, aliyezoeleka kwa nafasi za vijana watanashati, humu hatambuliki: nywele zimenyolewa, meno yameoza, mguu unaburutwa. Langda anapopitwa na Kesu, Cassio wa humu, kwenye cheo hasemi kitu. Anavunja kioo na kujipaka damu yake kwenye paji la uso, pale ambapo mwenzake alipakwa alama ya heshima.

Bhardwaj ametatua mambo mawili yanayowasumbua wasomaji wa Shakespeare. La kwanza ni muda. Kwenye tamthilia, tangu Othello afike na jeshi lake kisiwani Kupro mpaka amuue mkewe ni kama siku mbili hivi, na ukikaa ukahesabu, Desdemona hakuwa na wakati wa kumsaliti mtu hata angetaka. Jukwaani mwendo unakuficha hilo. Kwenye filamu ungeligundua. Omkara inaiweka harusi mwishoni, siku zinapita, shaka inapata nafasi ya kukomaa, na mauaji yanakuja usiku wa harusi wenyewe. La pili ni leso. Kitambaa kilichotariziwa matunda kinahitaji uamini maelezo ya Othello kuhusu uchawi wake na Mmisri aliyempa mama yake, maelezo ambayo onyesho la mwisho yanabadilika, baba ndiye aliyempa mama. Bhardwaj ameweka kamarbandh, mkanda wa vito wa kiunoni unaorithiwa katika ukoo. Kuuona kwa mwanamke mwingine ni kosa ambalo halihitaji kuelezwa, na mahali unapovaliwa panasema yaliyobaki.

Linalopotea ni lile onyesho la kupimia. Langda anafanya kazi yake kidogo kidogo kwa siku nyingi, kwa hiyo humwoni mtu akigeuka mbele ya macho yako kwa mazungumzo ya kikao kimoja. Na tahadhari: matusi ni mengi, maandishi ya tafsiri chini ya picha hayayafichi, usiiweke sebuleni mbele ya wakwe.

Ukiwa bado huamui, angalia unavyotaka Emilia amalizie. Kwa Shakespeare ndiye anayepasua jipu: anatambua leso ilivyotumika, anasema mbele ya wote ingawa mumewe anamwamuru aende nyumbani, na Iago anamchoma upanga. Iago mwenyewe anabaki hai na kukataa kueleza chochote: mnachokijua mnakijua, tangu sasa sisemi neno. McKellen anaitekeleza ahadi hiyo kwa kusimama akikitazama kitanda chenye maiti, uso mtupu. Branagh anajikokota akapanda kwenye kitanda hicho hicho, jambo ambalo kwangu limezidi chumvi. Katika Omkara, Indu wa Konkona Sen Sharma hasubiri mahakama. Anamuua mumewe kwa mkono wake. Nafasi hiyo ilimpa Sen Sharma tuzo ya taifa ya India, na nadhani hakuna Emilia mwingine kati ya hawa anayemfikia isipokuwa Wanamaker.

Wanaotazama kwa ajili ya mtihani wachukue Nunn, au National Theatre kama saa tatu za studio zitawalaza. Omkara waiache mpaka karatasi ikusanywe, la sivyo wataulizwa leso na kujibu mkanda.